Shajara ya mradi: bodi ya Datsun iliyokuwa banda la kuku Mombo

13 Januari 2024: nimelikuta

Nilishuka Mombo, chini ya milima ya Usambara, kutafuta rimu za pikapu. Fundi mmoja pale stendi akaniambia kwamba nyuma ya gereji ya zamani, kwenye njia ya kwenda mtoni, kuna gari la Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Maneno kama hayo nimeyasikia Tanga, Moshi na Arusha. Kwetu kila Peugeot 404 iliyotupwa husemwa ni ya Bert Shankland, kwa sababu alikuwa mkazi wa Dar es Salaam na alishinda kwa 404 mara mbili mfululizo, 1966 na 1967. Kila nilipofuata fununu hizo nimekuta gari la kawaida lililopigwa mistari. Hata hivyo nikaenda.

Chini ya mwembe kuna bodi ya Datsun ya milango minne. Haina magurudumu, vioo wala taa. Imekalia magogo na ndani wamejaa kuku. Rangi ya juu ni bluu ya mafuta, ile ya kupaka milango ya nyumba, na imepakwa kwa brashi ya mkono. Boneti haipo, mfuniko wa buti haupo. Nikapiga hodi, akatoka bibi mmoja, mjane wa aliyekuwa mwenye gereji.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kuangalia gari? Hilo lilishinda mashindano. Marehemu alikuwa akisema."

Nikainama kwenye buti. Sakafuni kuna mabano mawili ya chuma yaliyochomelewa, kila moja lina tundu la bolti katikati. Ni mahali pa kufungia matairi mawili ya akiba, na gari la dukani hubeba moja. Kwa mabano hayo mawili nimeamua kulifuatilia gari hili hadi nijue lilitoka wapi. Naandika kila hatua ili mwenye bodi kama hii uani kwao asirudie makosa yangu.

20 Januari: kununua na kusafirisha

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshamwahidi Bibi shilingi 280,000. Nimempa 400,000. Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji, mbele ya mashahidi wawili, na kila ukurasa umepigwa muhuri. Hata kama unanunua chuma kilichooza, usiondoke bila karatasi hiyo. Canter hadi Tanga 220,000, vijana wanne wa kubeba 40,000.

Kabla hatujalisogeza nilipiga picha 61, kila pembe na kila tundu. Hilo nilifanya vizuri. Nililokosea ni samadi. Tulizoa magunia matatu ya mbolea ya kuku kutoka ndani ya gari, tukayamwaga shambani kwa Bibi bila kuangalia. Usiku, nimeshalala Tanga, ndipo nilipowaza: sakafu ya gari hili imekusanya kila kilichodondoka kwa miaka mingi, nami nimekitupa.

27 Januari: kuchekecha samadi

Nimerudi Mombo na chekecheo la mchanga (15,000) na nauli. Bibi alishangaa lakini akanipa jembe. Kazi ya siku nzima, mavumbi hadi kooni. Nimepata mipira miwili ya kuzibia matundu ya sakafu, sarafu ya senti 20 ya Tanzania, vipande vya kioo, na kitu kimoja ambacho kimelipa safari yote: kiungo cha kebo ya mita chenye njia tatu, cha shaba, kikubwa kama kidole gumba.

Kebo ya mita kwa kawaida ina ncha mbili. Moja inaingia kwenye gia boksi, nyingine nyuma ya mita ya spidi. Kiungo cha njia tatu kinaigawa ili ilishe na chombo cha pili. Kwenye magari ya mashindano ya wakati ule chombo hicho kilikuwa cha kupima umbali, na kilichokuwa maarufu kuliko vyote ni Halda kutoka Sweden. Msoma ramani alikitumia kuhesabu umbali kutoka njia panda moja hadi nyingine. Mwenye gari la kawaida hana haja nacho. Kumbe samadi ndiyo iliyokuwa na ushahidi mkubwa kuliko bodi yenyewe, nami nilikaribia kuiachia mchicha.

3 Februari: ni Datsun gani

Hii imekwenda haraka. Kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari kuna namba inayoanza na P510. Kwa hiyo ni Datsun 1600 ya usukani wa kulia, toleo la 510 lililotoka Japani 1967, ambalo liliondoka kiwandani na injini ya L16 ya sentimita za ujazo 1,595. Nyuma, kila gurudumu lina mkono wake na linajitegemea, kama sedani za aina hii. Ile ya mgongo mrefu ina ekseli nzima na springi za majani. Matundu ya wipa yako kwa mpangilio wa wipa zinazokwenda upande mmoja. Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na wipa zinazokutana katikati kama mikono inayopiga makofi, basi hili si la mwanzo.

Injini iliyomo ndani si yake. Ni J15, ile ya pikapu za Datsun, inayosukuma valvu kwa fito. L16 ina kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu ya kichwa cha injini. Vishikio vya injini vimekatwa na kuchomelewa upya. Hilo nitalirudia.

Kuhusu kushinda: Datsun 1600 SSS, toleo la kasi la 1600 hii, ilishinda East African Safari (ndilo jina la Safari Rally wakati ule) mwaka 1970, dereva Edgar Herrmann na msoma ramani Hans Schüller. Mwaka uliofuata wawili hao walishinda tena, kwa Datsun 240Z, gari la milango miwili na silinda sita, ambalo halifanani na hili hata kwa mbali. Magari yote mawili Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, iliyarudisha Japani, na yamo kwenye hifadhi yake ya Zama. Kwa hiyo gari la Mombo si la mshindi. Jibu hili halikunigharimu hata senti, na nashauri kila mtu aanzie hapo: tafuta kwanza gari la mshindi liko wapi leo, kisha ndipo ushike msasa.

11 Februari: kosa la brashi ya waya

Naliandika hili kwa uchungu. Nilimwachia kijana wangu wa gereji mlango wa kushoto autoe kutu kwenye bawaba, nikaenda dukani. Nimerudi nimekuta ameweka brashi ya waya kwenye grinda na kuung'arisha mlango mzima hadi chuma cheupe. Alitaka kunifurahisha. Sikumwelekeza, kwa hiyo kosa ni langu. Kama mlango ule ulikuwa na namba ya mashindano chini ya rangi, sasa imekuwa vumbi.

Mlango wa kulia nimeufanya mwenyewe kwa siku tatu. Msasa wa maji namba 800, kisha 1200, maji ya sabuni tele, na kusugua kwa mduara mdogo usiozidi kiganja. Rangi zinatokea moja baada ya nyingine kama pete za mti uliokatwa: bluu ya nyumba, chini yake krimu, chini yake kijivu cha praima, na chini kabisa nyeupe ya kiwandani. Kwenye ile nyeupe, katikati ya mlango, kuna duara. Halikuchorwa kwa rangi nyingine. Ni kivuli: weupe wa ndani ya duara ni mbichi kuliko wa nje, kwa sababu kitu fulani kiliufunika usipigwe na jua. Ndani ya duara kuna mabaki meusi ya tarakimu mbili. Ya kwanza inasomeka vizuri. Ya pili niliisoma kuwa 8.

Msasa, sabuni na tepu: 22,000. Mlango wa kushoto hauna bei.

2 Machi: namba ya chesisi

Tarakimu mbili za mwisho zilizibwa na kutu. Rafiki alinishauri maji ya betri. Nimejaribu tone moja pembeni, kwenye chuma kisicho na maandishi, na ndani ya dakika chache limechimba shimo. Nashukuru sikuanzia kwenye namba. Njia iliyofaa ni ya polepole: mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi, pamba, siku nne za kulowesha, kisha mswaki. Baada ya hapo nilifuta kwa kitambaa, nikapaka unga wa chaki, nikazima taa za gereji na kumulika kwa tochi kutoka ubavuni. Kivuli kikaingia kwenye kila mchoro, namba zikasimama wima.

Gharama 6,000. Namba nimeipata yote. Haisemi kama gari lilijengwa kwa mashindano au liliuzwa dukani, maana herufi P510 ni zilezile, lakini bila namba huwezi kufuata karatasi yoyote ya usajili.

16 Machi: bolti ndizo zilizosema

Hadi hapa nilijua gari lilishindana. Swali likawa: lilikuwa la timu ya kiwanda iliyotumwa kutoka Japani, au la mtu binafsi wa huku? Nilitumaini ni la kiwanda, nakiri, kwa sababu thamani yake ingekuwa nyingine kabisa.

Nimeanza kufungua vile vyuma vya ziada: mabano ya matairi kwenye buti, vishikio vya bamba la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kipande kilichoshikilia tangi la pili la mafuta. Kwenye Datsun unazoea spana za 10, 12 na 14. Kwenye bolti hizi spana ya 12 haiingii na ya 13 inacheza. Nikajaribu tena na tena, nikadhani kutu imevimbisha vichwa, hata bolti moja nikaiviringisha kona zake zote. Mwishowe nikachukua spana ya zamani ya nusu inchi, urithi wa baba yangu aliyekuwa fundi wa Land Rover. Ikakaa kama mkono kwenye glavu. Bolti zote za ziada ni za inchi. Za gari lenyewe ni za milimita.

Fundi wa kiwandani Japani hangefunga bolti za inchi kwenye gari la milimita. Lakini gereji ya Afrika Mashariki ya miaka ile, iliyolelewa na Land Rover, Bedford na Austin, ilikuwa na makopo na makopo ya bolti hizo. Aliyejenga gari hili alichota kwenye kopo lililokuwa karibu naye.

Kisha nikageuza bamba lililoimarisha sehemu ya juu ya shokapu ya mbele. Limechomelewa kwa gesi, mshono mnene wa mkono, na ule upande uliofichika una rangi ya njano na nusu ya herufi kubwa. Ni bati la pipa la mafuta. Mtu alikata pipa, akalinyoosha kwa nyundo, akaliviringisha kufuata umbo la mnara wa shokapu hadi likakaa bila mwanya. Nimepima mwanya kwa kipande cha karatasi: karatasi haipiti. Nimefanya kazi ya bodi miaka 19, na sijui kama ningeweza kulikalisha vile kwa nyundo na gesi peke yake.

Siku hiyo niliacha kutamani liwe la kiwanda.

Mabomba ya breki na ya mafuta nayo yalipitishwa ndani ya gari, juu ya sakafu, yasing'olewe na mawe. Ile mipira miwili ya kwenye samadi inakaa sawasawa kwenye matundu yake.

Aprili: masika

Turubai 45,000. Kazi imesimama.

18 Mei: magazeti Dar es Salaam

Mashindano yalifanyika Pasaka, kwa hiyo tarehe hazisumbui: 1970 Pasaka ilikuwa 29 Machi, 1971 ikawa 11 Aprili, 1972 ikawa 2 Aprili, 1973 ikawa 22 Aprili. Sikuvuka 1973, kwa sababu baada ya hapo mashindano yalibaki Kenya na gari lisingefika Usambara likishindana. Nimekwenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitengo cha Afrika Mashariki, na kuomba majalada ya magazeti ya wiki hizo. Kumbuka kwamba Daily News ilizaliwa Aprili 1972 kwa kuunganisha The Standard na The Nationalist. Ukiomba Daily News ya 1970 utaambiwa haipo, na watakuwa sahihi.

Siku mbili nimetafuta namba inayoishia na 8. Kila mwaka niliikuta kwenye gari la aina nyingine. Nimerudi Tanga mikono mitupu, na nauli, malazi na chakula vimekula 165,000.

Nyumbani nimemulika mlango kwa tochi ya ubavuni, kama nilivyofanya kwenye chesisi. Ile 8 ni 3. Upande wake wa kushoto ulizibwa na kutu iliyofuata mpasuko wa rangi, nami niliihesabu kutu kuwa wino. Tochi ileile nilikuwa nayo tangu Machi. Namba yoyote ya zamani isome kwa mwanga wa pembeni kabla ya kulipa nauli.

1 Juni: safari ya pili

Saa moja tu. Kwa 3, namba inaangukia kwenye Datsun 1600 SSS katika mwaka mmoja peke yake kati ya minne, nayo ni ya mtu binafsi, dereva na mwenzake, hakuna jina la kiwanda. Gharama 140,000. Namba kamili, mwaka na majina siviandiki hadi familia iridhie.

15 Juni: mlango wa banda

Nilimpelekea Bibi picha ya mlango na duara lake. Akaiangalia muda mrefu, kisha akasema, "Sasa na ule mwingine mbona hukuuchukua?"

Akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye banda la vifaranga. Mlango wa banda ni mfuniko wa buti ya Datsun. Umefungwa kwa waya kwenye nguzo ya mkaratusi, na juu yake kuna mishikio miwili ya bomba la nusu inchi, kila mmoja na vibamba viwili vya kuutia nguvu kwa ndani. Nimepita mbele ya banda lile mara tatu tangu Januari.

"Marehemu aliuchagua kwa sababu una mishikio," akasema. "Ukifungua asubuhi, unashika huku na huku."

Nikamwuliza kama anajua mishikio ile ilikuwa ya nini. Akacheka.

"Nilimwona. Nilikuwa mwali, sijamaliza hata mwaka hapa. Gari lilikwama pale chini, matope mpaka mlangoni. Yule mmoja akatoka, akapanda nyuma juu ya bampa, akashika hivi," akauweka mkono mmoja kwenye kila mshikio, "akawa anarukaruka kama mtoto. Gari likatoka. Halafu likafa hapohapo mbele ya gereji, mafuta yanamwagika chini kama limechinjwa."

Ndivyo ilivyokuwa kazi ya mwenzake wa dereva kwenye Safari. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye utelezi magurudumu hayo hukosa uzito. Mtu mmoja akiruka juu ya bampa la nyuma, tairi hushika ardhi kwa mapigo. Kwa sababu hiyo magari yale yalikuwa na mishikio kwenye buti na bampa la kukanyagika. Nimewahi kuisoma habari hiyo. Sikuwahi kuisikia kutoka kwa mtu aliyeiona kwa macho yake.

Mengine Bibi aliyaunganisha mwenyewe. Bamba la kukinga sampu lilikuwa limeng'oka huko juu, jiwe likapasua sampu, injini ikakauka oili. Wale wawili walilala gerejini, asubuhi wakapanda basi. Baada ya miezi alikuja mtu kuchukua magurudumu, taa na gia boksi. Injini iliyokufa iliuzwa chuma chakavu. Miaka iliyofuata marehemu akapata J15 ya pikapu, akakata vishikio, akalitumia gari kubeba mboga, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977, spea za Kenya zikakatika, akaliegesha chini ya mwembe. Krosi memba ya mbele, chuma kinachokatiza chini ya injini, imebonyea katikati kama iliyopigwa ngumi, na kishikio kimoja cha bamba kimechanika badala ya kukatwa. Vyote viko pale anaposema Bibi.

29 Juni: familia

Kupitia fundi mzee wa Tanga nimempata mtoto wa dereva. Alikuja na dada yake. Hawakujua kwamba gari lipo. Baba yao alilijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi, na shemeji yake ndiye aliyechomelea. Nikamwonyesha lile bati la pipa. Akapitisha kidole kwenye mshono, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwita dada yake naye apitishe.

Wameomba muda kuhusu majina. Tumekubaliana kwamba bodi haitapigwa rangi mpya. Mlango wa kulia utabaki na duara lake kama lilivyo, wa kushoto utapakwa oili nyepesi kuzuia kutu. Kazi inayofuata ni sakafu ya upande wa abiria, iliyooza mahali pa ukubwa wa sahani, na kutafuta L16 iliyo nzima.

Gharama hadi leo, pamoja na nauli ndogondogo, ni shilingi 1,180,000. Humo ndani kuna 35,000 za mlango mpya wa banda la Bibi: mbao za mkaratusi, bawaba mbili, na mishikio miwili, kwa sababu aliiomba.